Sukari yangu na sufuria ya watu wote

Ninaishi kwenye nyumba ya uangalizi, Dar es Salaam, upande wa Temeke, tangu kiharusi kiliponipunguzia nguvu za mkono na mguu wa kushoto. Nyumba inaendeshwa na shirika la dini. Kila mtu ana chumba chake, walezi wanapokezana zamu usiku na mchana, na chakula anapika mama mmoja na msaidizi wake, sufuria moja kwa watu karibu thelathini. Kupika vyumbani ni marufuku: hakuna jiko la mkaa, hakuna la mchina, hakuna mtungi wa gesi. Kinachoruhusiwa ni jagi la umeme. Kuna na friji moja ya wote koridoni, ambayo ukiweka soda usitegemee kuikuta.

Nimeamua kuandika kwa sababu ushauri mwingi unaozunguka kwenye simu zetu kuhusu sukari na kupunguza wanga unaanza na neno "pika". Pika kabichi badala ya wali. Kaanga mayai kwa siagi. Tengeneza mkate wa unga wa karanga. Asiye na funguo za jiko haambiwi chochote. Nimekaa na hali hii muda wa kutosha kujua kuwa wanga unapunguzika hata kama hushiki mwiko, ila kazi yenyewe inakuwa ya kuongea na watu zaidi kuliko ya kupika. Lipo pia jambo moja la dawa ambalo lingeweza kunimaliza, na hilo nitalisema wazi.

Sukari yangu iligundulika wodini, wakati ule ule wa kiharusi. Asubuhi kabla ya kula ilikuwa 13.4 (mmol/L, kama mashine za hapa zinavyosoma), na kile kipimo cha miezi mitatu, HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi hiyo, kikasoma asilimia 10.2. Kwa asiyezijua namba hizi: kuanzia 7.0 asubuhi ukiwa hujala chochote ni kisukari, na kipimo cha miezi mitatu kikifika 6.5 ni kisukari. Maana yake nilikuwa nayo siku nyingi bila kujua. Kiu na kukojoa usiku nilivisingizia joto la Dar. Nilitoka na dawa za presha na mbili za sukari, metformin na nyingine inaitwa glibenclamide, na maelezo mafupi mlangoni: usile sukari, acha sembe kula dona, punguza mafuta.

Nikafika kwenye nyumba hii na maelezo hayo. Asubuhi chai imeshatiwa sukari humo humo kwenye sufuria, pamoja na maandazi au mihogo ya kuchemsha. Mchana wali maharage au ugali. Jioni ugali tena, na mchicha, dagaa, siku nyingine nyama. Ijumaa pilau. Msimamizi alipoambiwa nina sukari, aliagiza niwe napikiwa ugali wa dona na nipewe chai bila sukari. Nilimshukuru kwa moyo wote, na kwa muda mrefu nikala mlima wa dona kila siku nikiamini natibiwa.

Mashine ya kupimia ndiyo iliyonifumbua macho. Mdogo wangu alininunulia. Wengi tunaogopa kujitoboa, lakini kwa mwenye mkono uliolegea kama wangu kuna nafuu moja: natumia mkono mzima kutoboa vidole vya mkono mgonjwa, ambao hausikii maumivu sana. Uoshe kwanza kwa maji ya vuguvugu, damu inatoka kwa urahisi. Na usipime ukiwa umetoka kumenya embe au chungwa bila kunawa. Sukari ya tunda iliyobaki kidoleni inaweza kukupa namba ya kukutoa roho bure.

Kupima asubuhi peke yake kulikuwa hakunifundishi kitu. Nilichofanya ni kupima kabla ya mlo, halafu saa mbili baada ya tonge la kwanza, na kuandika kwenye daftari nilichokula. Daktari alikuwa ameniwekea lengo: kati ya 4 na 7 kabla ya kula, chini ya 10 saa mbili baada ya kula. Sahani ya dona ya kawaida ya hapa nyumbani ilinitoa 8.1 ikanipeleka 14.8. Sembe, siku niliyoila makusudi, ilinipeleka 15 na kitu. Basi. Hiyo ndiyo tofauti niliyokuwa nimeitegemea.

Baadaye nilielewa sababu. Unga wa mahindi, gramu 100 za unga mkavu, karibu robo tatu yake ni wanga. Dona imebaki na pumba na kiini, kwa hiyo ina nyuzinyuzi na virutubisho zaidi, na kama lazima ule ugali ni bora ule huo. Lakini wanga wake haujaenda popote. Mtama na ulezi hali ni hiyo hiyo, na uji wa lishe unaosifiwa kwa wagonjwa ni nafaka zile zile zimesagwa laini zaidi, zinashuka haraka zaidi. Asali nayo ni sukari. Juisi ya miwa ambayo "haijaongezwa sukari" haihitaji kuongezwa. Nasema haya kwa sababu mgonjwa wa sukari Dar ana washauri wengi kuliko dawa, na wengi wao wanampenda kweli.

Upande wa pili daftari lilinipa habari njema. Mchicha na samaki bila ugali: sukari ilipanda kwa pointi moja tu. Mayai mawili na parachichi: karibu haikutikisika. Maharage yalikuwa katikati. Yana wanga, ila yana nyuzinyuzi nyingi, na kikombe kimoja bila wali kiliniacha chini ya 10. Sote hatuko sawa, kwa hiyo namba zangu usizichukue ukazifanya zako. Utaratibu wa kupima ndio wa kuuchukua.

Hapo ndipo nilipokwenda jikoni. Nilichagua saa kumi jioni, kabla moto haujakolea, mama anapokuwa amekaa na mbuzi yake anakuna nazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja mwenyewe? Chakula kimekuwaje?"

"Chakula kizuri mama. Nimekuja kuomba unipunguzie."

Aliacha kukuna. Akaniambia miaka yote aliyopika watu wanakuja kuomba waongezwe, hata ukoko wanagombania, kuomba kupunguziwa hajasikia. Nikafungua daftari nikamsomea. Siku ya dona, hii hapa. Siku ya mchicha na samaki, hii hapa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema dada yake alikatwa mguu kwa sukari na alikuwa anakula dona mpaka siku anakwenda hospitali. Tangu siku hiyo sikuhitaji kumbembeleza.

Lakini alinieleza jambo ambalo nawaomba wenzangu walielewe kabla ya kwenda kugombana na wapishi. Bajeti ya nyumba inasimama juu ya unga. Ugali ndio unaoshibisha watu, mboga ni ya kuteremshia. Hawezi kunipa sahani ya mboga tupu bila kumpunguzia mwingine. Mpishi wa sufuria kubwa akikunyima mboga, mara nyingi hana roho mbaya, anapiga hesabu.

Tukapatana mambo matatu. La kwanza, chai yangu ichotwe kabla sukari haijatiwa, naiacha chupa yangu jikoni usiku. La pili, ugali wangu uwe kipande cha ukubwa wa ngumi ya mtoto, na siku nyingine usiwepo kabisa. La tatu, nimpe hela ya mafungu mawili ya mboga za majani kila anapokwenda sokoni, mchicha, matembele au chochote kilichoshuka bei, apike kwenye sufuria ile ile ya wote, kisha mimi nipewe sehemu kubwa. Hakuna chakula maalumu wala moto wa ziada. Wenzangu nao walipata mchicha mwingi kidogo, na hilo lilinisaidia baadaye maneno yalipoanza.

Ugali niliouacha nao ulipata soko. Mezani kwetu kuna mzee mmoja, fundi seremala wa zamani, ambaye ugali kwake hautoshi hata siku moja. Tukawa tunabadilishana: wangu wa mchana kwa nusu ya dagaa wake. Kabla ya kuanza biashara hiyo nilimuuliza kama amewahi kupima sukari, akasema hapana, nikampima pale pale kwa mashine yangu. Ilikuwa sawa. Ningejisikiaje kumhamishia mwenzangu ugonjwa kwa dagaa.

Na kuna mpangilio wa kula ambao haugharimu hata senti: mboga na kitoweo kwanza, kile kipande cha ugali mwisho. Watafiti wameupima na kukuta sukari haipandi sana kama ukianza na wanga. Kwangu ulifanya kazi wazi kabisa kwenye daftari. Ugumu wake ni wa kijamii. Kula mchicha mtupu kwa kijiko huku ugali umekaa pembeni unapoa, watu wanakutazama kama umepotewa na akili.

Sasa suala la dawa, na naomba hapa usirukie mbele.

Glibenclamide inakamua kongosho litoe insulini, homoni inayoshusha sukari, uwe umekula au hujala. Ukiwa unakula mlima wa ugali, kazi hiyo ina maana. Ukiondoa ugali na kuiacha dawa ile ile, inaendelea kusukuma sukari chini wakati hakuna kinachoipandisha. Mimi sikuambiwa hivyo na mtu yeyote, wala kikaratasi cha dawa hakikuwa kwa lugha ninayoisoma vizuri. Usiku mmoja, wiki ile ile mapatano ya jikoni yalipoanza, niliamka natetemeka, jasho baridi limelowesha shuka, moyo unakimbia, njaa ya ajabu, na maneno hayaji mdomoni. Nilidhani ni kiharusi cha pili. Mlezi wa zamu, binti mdogo, naye alidhani hivyo hivyo. Alikuwa ameshashika simu kutafuta gari wakati nilipomwonyesha kwa kidole mashine. Ilisoma 3.1.

Chini ya 4 ni hatari, inatakiwa sukari ya haraka, dakika hiyo hiyo. Na sasa sikilizeni: katika nyumba inayomimina kilo za sukari kwenye chai kila asubuhi, usiku ule hapakuwa na kijiko kimoja cha sukari kinachofikika. Jiko limefungwa. Funguo kwa mama, na mama kalala kwake Mbagala. Binti aligonga vyumba mpaka akapata nusu chupa ya soda kwa kijana wa chumba cha mwisho. Ninamdai Mungu amlipe yule kijana.

Kwa hiyo kabla hujapunguza wanga, mwone daktari au kliniki ya sukari na useme waziwazi: nataka kupunguza ugali na wali, dawa zangu zibadilishwe vipi? Ukiwa kwenye glibenclamide au jamaa zake, au kwenye sindano za insulini, usianze kabla ya jibu. Metformin peke yake ni nadra kushusha sukari kiasi hicho. Wenye kisukari cha aina ya kwanza, wale wanaotegemea insulini, mara nyingi tangu wakiwa wadogo, hawaruhusiwi kuacha insulini hata kama hawali wanga kabisa, na anayewaambia vinginevyo kwenye kikundi cha simu anawaua. Mimi daktari alinipunguzia glibenclamide nusu, na namba ziliposhuka akaiondoa. Metformin naendelea nayo, na aliagiza siku za mbele nipimwe vitamini B12 kwa sababu dawa hiyo ikitumika miaka mingi huweza kuipunguza mwilini.

Chumbani, kando ya mto, nina kikopo cha glukosi ya unga na chupa ya maji. Vijiko vitatu au vinne vya chai kwenye maji, unywe, usubiri dakika 15, upime tena, kama bado iko chini urudie, kisha ule kitu. Kwa glibenclamide usilale ukijiona umepona, dawa hiyo hukaa mwilini muda mrefu na sukari inaweza kushuka tena baada ya masaa. Walezi wote wa zamu wameonyeshwa kikopo kilipo. Niliomba msimamizi kingine kiwekwe kwenye meza ya zamu, akakubali siku hiyo hiyo.

Turudi kwenye chakula, maana jioni jiko likifungwa saa mbili na mimi njaa hunijia saa nne. Hapa ndipo jagi la umeme na hotpoti vilipogeuka kuwa jiko langu. Usichemshe mayai ndani ya jagi. Linaharibika, na msimamizi akiona utanyang'anywa. Chukua hotpoti yenye mfuniko unaobana, imwagie maji ya moto kwanza uipashe, uyamwage. Weka mayai mawili ambayo hayajatoka kwenye friji, mimina maji yanayotokota yajae, funika, usifungue nusu saa. Yanatoka yameiva mpaka kiini. Ukijaza mayai mengi na maji kidogo yatatoka mabichi, na yai bichi halikufai. Mchicha uliokatwa hulainika kwa njia hiyo hiyo kwa dakika kumi, kabichi iliyokatwa nyembamba huchukua kidogo zaidi. Dagaa wakavu naloweka kwa maji ya moto mara mbili, ya kwanza namwaga na chumvi yake, kisha nawachanganya na nyanya, kitunguu na ndimu.

Kwa mkono mmoja kila kitu kina hila yake. Yai lililoiva nalivunja kwa kuliviringisha mezani chini ya kiganja, kisha nalimenyea ndani ya bakuli la maji, ganda linaondoka lenyewe. Parachichi naomba muuzaji alikate palepale gengeni na kutoa kokwa. Nyanya na kitunguu nazikatia juu ya ubao ambao fundi seremala wetu aliupigilia misumari miwili ya kushikilia, malipo yake yalikuwa ugali wa siku mbili. Samaki wa kopo nanunua wale wenye kishikio cha kuvuta, na kopo nalibana katikati ya mapaja.

Karanga za kukaanga ni rafiki, ila pima kiganja kimoja uweke kopo mbali. Korosho ni tamu zaidi na zina wanga karibu mara mbili ya karanga. Maziwa mgando yasiyo na sukari ni mazuri, lakini yale ya pakiti yenye picha za matunda soma nyuma kwanza. Madafu, naomba radhi kwa watu wa Pwani wenzangu, yana sukari. Sijayaacha kabisa, ila si kila siku.

Kulikuwa na ushauri mmoja wa mitandaoni nilioukataa, ule wa kuongeza chumvi na kunywa supu yenye chumvi nyingi ukiacha wanga. Mtu mwenye presha na aliyepata kiharusi hawezi kuufuata hivi hivi. Ng'onda na dagaa wa chumvi nimewapunguza kwa sababu hiyo. Na kabla sijaongeza mayai na samaki daktari alipima figo zangu. Alisema ziko sawa, akataka nizirudie kila mwaka. Kama hujawahi kupimwa figo, omba upimwe kabla ya kugeuza sahani yako kuwa nyama tupu.

Nje ya geti Dar ni mji mzuri kuliko inavyosemwa kwa mtu asiyetaka wanga. Vijana wa mayai ya kuchemsha wanapita na ndoo zao, yai na kachumbari na pilipili, shilingi mia kadhaa, kazi imekwisha. Jioni kuna supu ya pweza na vipande vyake. Mishikaki ipo kila kona, sema tu usiwekewe ndizi. Siku za kliniki mdogo wangu hunipitisha Feri tukanunua samaki wa kukaanga. Kwa mama ntilie nasema, "Dada, niwekee samaki, mboga za majani, maharage kidogo, wali usiniwekee," na najua bei itabaki ile ile, sibishani. Mtego mkubwa ni chipsi mayai. Unajidanganya kuwa umekula mayai.

Sasa maneno. Nilipungua. Suruali zilianza kunivuka, uso ukachongoka, na kwetu mtu akikonda majirani hawafikirii sukari kwanza. Nilisikia koridoni kuwa nina ugonjwa ninaouficha. Wengine walisema naringa, nimeanza kula kizungu, nadharau chakula cha nyumba. Mlezi mmoja alikuwa akiniletea ugali kwa siri akiamini nanyanyaswa na jikoni. Ilinichosha kuliko njaa yenyewe. Kuna jioni nililia kwa sababu ya harufu ya maandazi, nikiwa mtu mzima na akili zangu, na sikuwa na hamu ya kumweleza mtu.

Kilichosaidia ni kuacha kujificha. Niliomba dakika chache kwenye kikao cha wakazi, nikataja ugonjwa wangu kwa jina, nikaeleza dawa na usiku ule wa soda. Baada ya hapo wawili walikuja chumbani kwangu usiku kupima, mmoja alikuwa na 11 na pointi kabla ya kula, akapelekwa hospitali. Maneno yalipungua. Hayakwisha.

Ramadhani niliiogopa. Mwaka wa kwanza nilikuwa bado natumia glibenclamide, daktari akanikataza kufunga, na mgonjwa dini imempa ruhusa, nikatoa fidia. Lakini hata usipofunga, meza ya futari iko palepale: mihogo ya nazi, magimbi, viazi vitamu, tambi, kaimati zinazong'aa shira, na uji wa pilipili manga. Kukaa chumbani wakati wenzako wanafuturu ni upweke wa aina yake, kwa hiyo nilikaa. Tende moja, supu ya samaki, bamia, kipande kimoja cha mhogo nilichokitafuna taratibu kuliko walio wengi wanavyotafuna pilau. Mama wa jikoni aliniwekea samaki kichwa na mkia. Mara mbili nilishindwa nikala kaimati, na daftari likaandika.

Gharama sizifichi. Ada ya nyumba inalipwa na ndugu zangu na chakula kimo ndani yake, kwa hiyo kila ninachonunua ni juu ya hapo. Mayai na mboga ninamudu kwa pensheni ndogo niliyonayo. Kinachouma ni stripu, vile vijiti vya kuwekea damu kwenye mashine. Kopo la 50 nimewahi kulinunua kwa shilingi 35,000, duka la pili barabara ile ile wakaniuzia 28,000, kwa hiyo ulizia kabla ya kutoa hela, na hakikisha ni za mashine yako maana haziingiliani. Angalia na tarehe ya mwisho. Mwanzoni nilipima kila mlo ili nijifunze. Sasa nimeshajua sahani zangu, napima asubuhi kadhaa kwa wiki, na kila kinapoingia chakula kipya au ninapojisikia vibaya. Karibu na tarehe 14 Novemba, Siku ya Kisukari Duniani, huwa kuna upimaji wa bure sehemu nyingi, mpeleke na jirani yako asiyejijua.

Kipimo cha miezi mitatu cha mwisho kilikuwa asilimia 7.1. Daktari anataka kishuke chini ya 7. Mimi nataka kisipande tu, Ijumaa za pilau zikiendelea kuwepo: nakula nyama na kachumbari yote, wali vijiko vichache, na zoezi la mkono na mguu alilonifundisha mtu wa mazoezi ya viungo nalihamishia baada ya mlo, linasaidia kidogo.

Kilichobaki kigumu ni wageni. Mtu akija kumwona mgonjwa Dar hawezi kuja mikono mitupu, na mikono hiyo huja na boksi la juisi, biskuti na mkate wa maziwa. Nimeacha kuona haya, nikipigiwa simu nauliza mapema: unakuja lini, basi nipitishie mayai, karanga au kopo la stripu, jina la mashine nitakutumia kwa ujumbe. Mdogo wangu sasa akija anabeba trei ya mayai. Mkewe bado anabeba juisi, naichukua, namshukuru, na jioni inakwenda kwa fundi seremala.